Amorim anaanzia ugenini kwa Ipswich Jumapili: aingie na mabeki watatu siku hiyohiyo au asubiri kwanza?

Mzee wa Namba Kumi

Wakuu habari za jioni. Jumapili hii tarehe 24 Novemba 2024 sisi Man United tunaenda Portman Road, uwanja wa Ipswich, mpira saa 1:30 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, ndo mechi ya kwanza ya kocha wetu mpya Ruben Amorim tangu aanze kazi tarehe 11 mwezi huu. Nimeiwaza hii mechi wiki nzima na kuna kitu kinanipa shida, naomba tukijadili kwa utulivu.

Kila mtu anajua huyu jamaa ni wa mabeki watatu, 3-4-3, pale Sporting ya Ureno hakuuacha mfumo wake hata alipobanwa, na ndo uliompa ubingwa wa 2021 ambao wale watu walikuwa wameusubiri miaka 19, akaurudia 2024, na juzi tu tarehe 5 kawafunga Man City 4-1 na mfumo uleule, straika wake Gyökeres kaweka tatu peke yake. Sawa. Ila ile ni timu aliyoilea toka Machi 2020, kila mchezaji anajua mwenzake anasimama wapi hata akifumba macho. Sisi wetu wamezoea mabeki wanne, kocha aliyeondoka Ten Hag alikuwa hivyo na Ruud van Nistelrooy aliposhika kwa muda zile mechi nne za katikati hapo nyuma hakupagusa, na alishinda tatu akatoa sare moja na Chelsea.

Sasa muda uko wapi? Mwalimu kaingia kipindi cha timu za taifa, kakuta kwenye uwanja wetu wa mazoezi, Carrington, watu wa kuhesabu. Bruno na Dalot walikuwa Ureno, Onana Cameroon, Mazraoui Morocco, Amad Ivory Coast, Ugarte katoka kuichezea Uruguay dhidi ya Brazil kule Salvador alfajiri ya leo kwa saa zetu. Mpaka wote warudi na wapumue unaongelea siku mbili tatu za mazoezi ya pamoja kabla ya kupanda basi. Na hatuko pazuri, nafasi ya 13, pointi 15 kwa mechi 11, magoli tuliyofunga ni 12 tu kwenye ligi nzima.

Mimi naelekea kusema asubiri. Aende na 4-2-3-1 ya Ruud, ile ya mabeki wanne, ambayo wachezaji wanaijua, achukue pointi tatu, afu mfumo wake aanze kuuingiza taratibu Old Trafford. Ila nasikia wengi mnasema tofauti, nataka nisikie sababu zenu, sio ushabiki tu.

kiungo_punda

Mkuu heshima yako ila hapo kwenye "taratibu" ndo sikubaliani. Taratibu lini? Toa ratiba uiangalie. Baada ya Ipswich Jumapili, Alhamisi tarehe 28 Bodø/Glimt wanakuja kwenye Europa, Jumapili tarehe 1 Everton, Jumatano tarehe 4 tupo Emirates kwa Arsenal, Jumamosi tarehe 7 Nottingham Forest, afu safari ya Plzeň tarehe 12, afu tarehe 15 Etihad kwa City. Kwenye ratiba ya hivyo hakuna mazoezi ya mfumo kabisa, mechi ikiisha kesho yake ni kutoa uchovu, keshokutwa video na mipira ya kona, siku inayofuata unacheza tena. Yani hizi siku mbili tatu unazoziona chache ndo nyingi kuliko zote atakazopata mpaka mwaka uishe. Akizitumia kufundisha kitu ambacho hakiamini anakuwa kazitupa.

Na mfano upo, sio nadharia. Tuchel alitangazwa kocha wa Chelsea tarehe 26 Januari 2021, kesho yake tarehe 27 kacheza na Wolves, kapanga mabeki watatu baada ya zoezi moja tu! Wakatoka suluhu, watu wakasema ohoo hamna kitu hapa. Mechi yake ya kwanza ya ugenini ikawa kwa Tottenham tarehe 4 Februari, kashinda 1-0 kwa penati ya Jorginho, na tarehe 29 Mei yuko Porto anabeba Ligi ya Mabingwa. Conte naye akiwa hapohapo Chelsea, Septemba 2016 kapigwa tatu na Arsenal kipindi cha kwanza, kipindi cha pili akabadili kwenda mabeki watatu, hakusubiri arudi nyumbani. Mechi iliyofuata ilikuwa ugenini kwa Hull, akashinda 2-0 na watatu nyuma, hapo akaunga ushindi mechi 13 mfululizo mpaka ubingwa.

Ukiangalia vizuri ugenini ndo pazuri kuanzia. Old Trafford ukipiga pasi tatu za nyuma watu 74,000 wanaanza kunung'unika na kijana mwenye mpira mguuni anasikia, anaupiga mbele bila mpango. Kwa Ipswich kelele ni za wenyeji, wachezaji wetu wanaweza kukosea wakasimama tena bila kuona mashabiki wao wanakunja sura. Halafu wenyeji wakiwa kwao watatufuata juu, hawatakaa kumi nyuma ya mpira, na huu mfumo unataka mpinzani anayekuja ili upate nafasi nyuma yake. Mimi ningemlaumu asipoanza nao.

Beki Kisiki

Nimewasoma wote wawili. kiungo_punda mifano yako ni ya kweli ila umechagua inayokufaa ndugu yangu. Huo mfano wa Chelsea, wale walishabeba ubingwa na mabeki watatu 2017, Azpilicueta alikuwemo, Alonso alikuwemo, kwa hiyo Tuchel hakuwafundisha kitu kigeni, aliwakumbusha tu.

Sisi tuna mfano wetu humuhumu ndani mbona hamuutaji. 2014 kocha wetu Van Gaal kaja na mabeki watatu, 3-5-2, na yeye alipata maandalizi yote ya msimu, ziara ya Marekani alishinda vizuri mpaka tukaanza kuota. Siku ya ufunguzi Swansea wakaja Old Trafford wakatufunga 2-1. Tukaenda Sunderland 1-1, Kombe la Ligi MK Dons wakatupiga 4-0, Burnley 0-0. Ilipokuja QPR akarudi mabeki wanne, tukashinda 4-0. Kwa hiyo kuwa na muda peke yake sio dawa, na kukosa muda peke yake sio ugonjwa.

Ile timu ilifeli kwa sababu ya watu na sio mchoro. Siku ya Swansea nyuma kushoto alikuwa Tyler Blackett, kijana anacheza mechi yake ya kwanza kabisa ya wakubwa, pembeni kulia Lingard naye mechi yake ya kwanza na akaumia mapema, kushoto Ashley Young ambaye ni winga. Sasa njoo kwetu leo ujibu maswali haya kwa uaminifu. Wingibeki wa kushoto, yule wa pembeni anayekaba na kupanda, ni nani? Luke Shaw hajacheza msimu huu, Malacia yuko nje muda mrefu sana, anabaki Dalot ambaye ni wa mguu wa kulia, akifika juu lazima akate ndani ndo apige krosi, na ile sekunde moja ya kukata ndani beki wa wenzetu kashajipanga. Beki wa kati wa kushoto ni nani? Maguire mgonjwa, Yoro hajacheza mechi hata moja tangu aumie mguu kwenye maandalizi ya msimu. Unaweza kujikuta una Jonny Evans wa miaka 36 anatakiwa kutoka nje kukimbizana na winga.

Nisieleweke vibaya, mimi sio mpinzani wa Amorim, nimefurahi sana kuja kwake. Nachosema tusiipime kazi yake kwa hii Jumapili. Angalieni historia ya makocha wetu mechi ya kwanza ya ligi: Moyes alienda kwa Swansea akashinda 4-1, Mourinho kwa Bournemouth 3-1, Ole Gunnar Solskjær kwa Cardiff 5-1 mpaka tukalia machozi ya furaha, wote hawa walianzia ugenini wakashinda na wote mwisho tunaujua, walifukuzwa. Ten Hag alifungwa na Brighton nyumbani 2-1, akaenda Brentford akala nne, msimu huohuo akamaliza wa tatu na Kombe la Carabao mkononi.

Mzee wa Namba Kumi

Beki Kisiki umenigusa hapo kwa Dalot, na ndo hofu yangu hasa. Ipswich wenyewe mnawaonaje lakini? Maana naona tunajiongelea sisi tu kama vile tunaenda kucheza na uwanja mtupu.

Dada wa Mashetani

Asante kaka kwa hilo swali, nilikuwa nasubiri mtu alitaje.

Kwanza kocha wao Kieran McKenna ametoka kwetu. Alikuwa msaidizi wa Mourinho, akabaki na Ole, Desemba 2021 ndo akaenda Ipswich wakiwa daraja la tatu. Kawapandisha mara mbili mfululizo, 2023 na 2024, wakarudi Ligi Kuu baada ya miaka 22. Huyo hatashangazwa na Bruno wala Rashford, amewafundisha kila siku Carrington. Na wanakuja na morali, mechi yao ya mwisho tarehe 10 wamemfunga Tottenham 2-1 kwake kwake, huo ndo ushindi wao wa kwanza msimu huu. Ila nyumbani bado hawajashinda mechi ya ligi. Liverpool walimfunga 2-0, Everton 2-0, sare na Fulham, Villa na Leicester. Kwa hiyo Jumapili wataingia na njaa ya huo ushindi wa kwanza mbele ya watu wao, na tukio lenyewe la mechi ya kwanza ya Amorim litawapandisha zaidi. Watatuanza kwa kasi.

Sasa hapo kwa Liverpool msipite haraka, maana ile nayo ilikuwa mechi ya kwanza ya Arne Slot, Agosti 17, uwanja uleule. Kocha mpya wa pili anaanzia pale msimu huu. Kipindi cha kwanza ilikuwa 0-0 na Liverpool waliteseka, na shida kubwa ilikuwa straika wa Ipswich, Liam Delap. Mmemwangalia vizuri huyu kijana? Anapokea mpira akiwa kampa mgongo beki, anamwegemea, anasubiri beki asukume kidogo tu, akisukuma yeye anageuka upande wa pili na kuondoka, afu ana mbio ndefu. Quansah alipoteza mipira mingi ya kugombania kwake, Slot akamtoa mapumziko akamwingiza Konaté, na kipindi cha pili wakapata magoli yao mawili, Jota na Salah. Yani badiliko moja la beki wa kati ndo lililogeuza mechi. Villa naye Delap alimfunga mawili palepale.

Kwa hiyo mimi mabeki watatu nawataka kwa sababu ya Delap kabisa, wala sio kwa sababu Amorim anaupenda mfumo. Ukiwa na wawili kati, mmoja akitoka kumfuata anapopokea, nyuma anabaki mmoja na uwanja mzima. Ukiwa na watatu, De Ligt anatoka naye kwa nguvu bila wasiwasi, nyuma wanabaki wawili wa kufunika. Kaka Mzee wa Namba Kumi, mabeki wanne unaowaona salama ndo wanaoweza kutuumiza Jumapili.

Hatari ya pili ni Leif Davis beki wao wa kushoto, huyu msimu uliopita Championship (daraja la pili) alitoa pasi za magoli 18, beki! Anapanda muda wote. Huyo ndo anaamua nani acheze wingibeki wa kulia kwetu, na hapo mimi namtaka Amad.

Beki Kisiki

Amad?? Dada yangu nakuheshimu ila Amad ni winga, tena mdogo wa mwili. Unamweka amkabe Davis dakika 90? Mimi hapo naweka Mazraoui nalala usingizi.

Dada wa Mashetani

Mazraoui namweka nyuma yake, beki wa kati wa kulia. Ana akili ya kucheza hapo, anajua kutoka na mpira, na akiachwa na winga ana miguu ya kurudi.

Kuhusu Amad mwangalieni Amorim alichofanya na Geny Catamo, mtoto wa Msumbiji. Winga, mguu wa kushoto, mwili mdogo, kamchukua akamchezesha wingibeki wa kulia. Yani sifa zote za Amad. Na Aprili mwaka huu mechi ya Benfica ambayo karibu iamue ubingwa, Sporting wameshinda 2-1 na magoli yote mawili ni ya Catamo. Mwalimu hamuoni mtu wa hivyo kama mkabaji aliyepungukiwa, anamuona kama mtu atakayemfanya beki wa wapinzani asipande. Davis akijua nyuma yake kuna Amad amesimama kwenye chaki, atafikiria mara mbili kabla ya kuondoka. Ukimweka Mazraoui pale Davis anapanda kwa raha zake maana anajua akipoteza mpira hakuna wa kumwadhibu.

Na ule mwanya anaouacha Davis ni wa kukimbilia. Amad akipata mpira pale na uso unaangalia goli, Rashford akiwa katikati anakimbia kwenda nguzo ya karibu, tunafunga.

Mwana wa 99

Naomba niongeze la kiungo maana naona mmelisahau. Wengi wanadhani Ugarte ndo ataanza kwa sababu alicheza chini ya Amorim pale Sporting 2021 mpaka 2023, ndo anayejua mfumo kuliko mtu yeyote. Ila huyu jamaa katumika sana, dhidi ya Colombia kaifungia Uruguay goli la ushindi dakika ya 11 ya nyongeza, afu mechi ya Brazil, afu ndege ya kuvuka bahari, kufika mazoezini ni Alhamisi jioni au Ijumaa. Naona Casemiro na Eriksen wanaanza, Ugarte anaingia kipindi cha pili.

Na hapo ndo pananitisha kuliko Dalot na Amad wote. Kwenye 3-4-3 viungo ni wawili tu, na eneo ni lilelile la watatu. Casemiro na Eriksen wana akili na pasi ila mbio hawana, Ipswich wakivuka ile presha ya kwanza washambuliaji wao Hutchinson na Szmodics watawakimbilia moja kwa moja. Bruno itabidi ashuke kusaidia, na yeye kapangwa mmoja wa wale wawili nyuma ya straika, akishuka sana mbele tunabaki wawili. Hilo tatizo siku tatu hazilimalizi, labda Mainoo akipona.

Ila naungana na waliosema aanze nao. Bruno na mwalimu walipishana Sporting kidogo tu, yeye kaondoka Januari 2020 mwalimu kaingia Machi, ila lugha ni moja, Dalot lugha moja, kuna mambo wataelekezana uwanjani bila kusubiri mapumziko.

kiungo_punda

Hoja ya viungo wawili ni nzito, nakubali ndo sehemu tutakayoumia. Ila hata 4-2-3-1 ilikuwa inaumia hapohapo, kumbukeni West Ham tarehe 27 Oktoba, ile mechi iliyomwondoa Ten Hag, tulikuwa tunapitwa katikati kama hakuna mtu. Angalau huku ukipitwa unakutana na watatu.

Mzee wa Namba Kumi

Nimeelewa vizuri sasa, hasa hiyo ya Delap, nilikuwa naangalia mabeki wanne kama sehemu ya usalama bila kuangalia anayetukabili ni nani. Bado kwa Dalot kushoto roho haijatulia na sitabadilika hapo mpaka Shaw arudi. Dada hebu weka kikosi chako tukiangalie, na sare utaipokea?

Dada wa Mashetani

Onana, Mazraoui, De Ligt, Evans, Amad, Casemiro, Eriksen, Dalot, Bruno, Garnacho, Rashford. Evans namweka kwa shingo upande, ila kwa mguu wa kutoa pasi na utulivu sioni mwingine mzima upande ule, na dakika ya 60 akichoka atolewe mapema, asisubiri mpaka akosee. Højlund na Ugarte waingie mechi ikianza kufunguka.

Sare siitaki kabisa, Ipswich ni wa 17 na pointi 8. Ila nikiulizwa nitaangalia nini zaidi ya matokeo, ni pale Onana anapoanzisha mpira. Wale mabeki watatu wakitanuka na Casemiro akashuka kuupokea akiwa ameshageuka, tukavuka mstari wa kwanza bila kupiga juu, basi mazoezi ya siku tatu yameingia hata tukikosa goli. Wakianza kumrudishia Onana kila mpira na yeye anabutua mbele kwa Rashford ambaye hagombanii mipira ya juu, hapo hata tukiongoza 1-0 nitakuwa na wasiwasi, maana Ipswich watatukalia kipindi chote cha pili.

Beki Kisiki

Kikosi nimekubali isipokuwa Amad, hapo naomba Jumapili usiku turudi tuongee.

Dada wa Mashetani

Nitakuwepo kaka, dakika ya 90 ikiisha tu.